Picha za Mjomba kwenye kuta za watu: shajara ya mradi

Jumanne, Machi 4

Leo nimeanza rasmi, na naandika ili baadaye nisije nikajidanganya kuhusu nilichofanya. Mradi wenyewe kuuelezea ni rahisi. Mjomba wangu ana michoro 24 ya tingatinga, ule mtindo wetu wa kuchora wanyama na ndege, kwenye kibanda chake hapa Arusha, si mbali na Mnara wa Saa, na mimi nataka kila mchoro uwe na picha inayouonyesha ukiwa umetundikwa kwenye ukuta wa chumba. Wenye kazi yao wanaita mokapu. Mchoro haujatundikwa popote: unapigwa picha kivyake, ukuta kivyake, halafu vinakutanishwa kwenye kompyuta.

Sababu nimeiona kwa macho, kwa miaka miwili ninayomsaidia siku za Jumamosi. Kibandani michoro imebanana kama nguo za mtumba. Mteja anapenda ile kubwa ya twiga na mbuyu. Mjomba na chalii wake, kijana anayemsaidia kibandani, wanaishika, kila mtu pembe zake, wanainyanyua juu. Mteja anarudi nyuma hatua mbili, anagonga meza ya vinyago, anacheka, anaomba radhi, halafu ananunua ya sentimita 40 kwa 30. Bei inachangia, sikatai. Lakini wengi ile kubwa hawawezi kuiona ikiwa kwao, na ile ndogo wanajua haitakosa pa kukaa.

Nilipomweleza Mjomba aliniuliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo mwanangu, unatengeneza picha ya uongo?" Nikamwambia ni picha ya kitu ambacho bado hakijatokea. Akasema haya, tuone.

Vifaa: laptopu yenye RAM ya GB 4, simu yangu, kigoda, rula ya chuma na futi ya fundi. Programu ni Photopea ya Ivan Kuckir, inayofanya kazi ndani ya kivinjari, bure, matangazo yakiwa pembeni. Kizuri chake kwa mtu wa bando ni kwamba ikishafunguka, faili zako zinafanyiwa kazi humohumo kwenye kompyuta yako, hazipandishwi mtandaoni. GIMP nayo ninayo na ni bure vilevile, ila ninachohitaji sana ni leya (tabaka la picha) inayobeba faili jingine ndani yake, ili nibadilishe mchoro mmoja kwa mwingine bila kupanga kila kitu upya, na hicho Photopea inanipa bila kunizungusha.

Alhamisi, Machi 6

Nimepakua violezo saba vya bure, yaani picha za vyumba zilizoachiwa nafasi ya kubandika mchoro. Nimefuta sita.

Kwanza vyumba. Vyote ni sebule za Ulaya: ukuta mweupe pe, kiti kimoja cha kijivu, chungu chenye tawi kavu, sakafu ya mbao. Mjomba aliangalia kwa muda akauliza, "Hawa wanahama au ndiyo wanahamia?" Nilipomweka tembo wake wa bluu pale alionekana kama amekamatwa na anasubiri kuhojiwa.

Pili vipimo, na hapa ndipo penye kazi. Violezo hivyo vimepangwa kwa inchi za Kimarekani, 16 kwa 20, 24 kwa 36, wakati Mjomba anakata kitambaa chake kwa sentimita. Halafu kuna mraba. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na akafariki mwaka 1972. Katika miaka hiyo michache alitumia vipande vya mraba vya hadibodi, kama sentimita 60 kila upande, na rangi za mafuta za dukani. Wachoraji wengi siku hizi wamehamia kwenye kitambaa na maumbo ya kila namna, lakini Mjomba mraba hajauacha. Kati ya michoro 24, saba ni mraba. Ukiulazimisha mraba kwenye kiolezo cha 24 kwa 36, ama unakata mkia wa ndege, ama unamnyoosha twiga, na twiga wa Mjomba amekwishanyooshwa vya kutosha.

Uamuzi: vyumba tutapiga wenyewe. Vyumba vitatu, vipimo vinne vya sentimita (120 kwa 80, 90 kwa 60, 60 kwa 60, 40 kwa 30), maana yake violezo 12. Michoro 24 kwa vyumba vitatu ni picha 72. Hesabu ya karatasini haichoshi mtu.

Kabla sijasahau: hiki kitambaa cha kuchorea, nikihitaji jina lake la kazi, nitaandika kanvasi. Kamusi zinataka turubai, na ni neno zuri, lakini nenda soko la Kilombero ukaulize turubai uone kama hujauziwa la kufunikia lori.

Jumanne, Machi 11

Kupiga picha michoro. Nilipanga saa mbili, zimekwenda siku mbili na bado.

Masika yameanza, Mlima Meru hauonekani tangu juzi, na kwa kazi hii hiyo ni neema. Wingu zito linafanya anga lote kuwa taa moja kubwa na laini. Nimeegemeza michoro kwenye ukuta wa baraza nyumbani Sanawari, kuanzia saa nne asubuhi, flashi imezimwa.

Tabu iko kwenye rangi. Mjomba anatumia rangi ya mafuta ya makopo, ileile ya milango na mageti, na ikikauka inang'aa kama sahani iliyooshwa. Michoro yenye usuli mweusi ndiyo iliyonitesa. Kila picha ilikuja na utandu mweupe katikati, kama mtu kapulizia pumzi kwenye kioo. Nikafuta lenzi. Nikasogeza mchoro. Nikahamia upande wa pili wa baraza. Utandu uko palepale, katikati. Chalii wa Mjomba ndiye aliyenifungua macho: "Dada, si ni wewe huyo?" Ni mimi kweli. Nilikuwa nimevaa fulana nyeupe, na mchoro unaong'aa ni kioo, unaonyesha kilichosimama mbele yake. Nimebadilisha, nimevaa nyeusi, na nyuma yangu nimetundika shuka jeusi la jirani kwenye kamba ya nguo. Utandu ukaondoka.

Mambo mengine niliyojifunza kwa kuharibu. Simu isimame kwenye kimo cha katikati ya mchoro, uso wake ulingane na uso wa mchoro. Ukiinamisha kidogo tu, mstatili unakuwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Nakagua kwa kupima pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) za ukingo wa juu na wa chini, zikipishana sana narudia. Usisogee karibu: lenzi pana ya simu ikikaribia inavimbisha kingo. Ninarudi nyuma kama mita 2 na kutumia lenzi ya kuvuta. Pembeni mwa kila mchoro naweka karatasi nyeupe ya A4. Inanisaidia mara mbili, kwanza kusahihisha weupe kwenye programu, pili kuhakiki kipimo, kwa kuwa A4 ni sentimita 21 kwa 29.7 popote ulimwenguni.

Na kuna ule mpangilio wa simu wa kuongeza utamu wa rangi. Uzime. Nyekundu ya Mjomba, ambayo anaichanganya mwenyewe na hataki kuulizwa, ilikuwa inatoka kama karoti.

Nimepata 19 safi. Tano zinarudiwa.

Jumamosi, Machi 15

Vyumba. Cha kwanza ni sebule ya mama mdogo Njiro: sofa ndefu ya kahawia, vitambaa vya kufuma kwenye migongo ya viti, pazia zito, ukuta wa rangi ya maziwa ya chai. Nilitaka kuviondoa vitambaa vya kufuma, mama mdogo akaniangalia, nikaviacha. Na vimependeza. Cha pili ni ofisi ya rafiki yangu Kijenge, ukuta wa matofali yasiyopigwa lipu. Cha tatu ni ukumbi wa nyumba ya wageni, nimeupiga kwa ubavu ili niwe na picha moja isiyotazama ukuta ana kwa ana.

Simu niliiweka juu ya kigoda na vitabu, mita 3.6 kutoka ukutani. Picha ya Njiro nimeipunguza hadi upana wa pikseli 3,000. Sofa nimeipima kwa futi: sentimita 210. Kwenye picha ni pikseli 1,680. Kwa hiyo kila sentimita ni pikseli 8, na mchoro wa 120 kwa 80 utakuwa pikseli 960 kwa 640. Safi kabisa.

(Nimeiacha sentensi hiyo ya mwisho kama nilivyoiandika siku ile. Soma mbele.)

Jumatano, Machi 19

Kiolezo cha kwanza kimekamilika. Nilidhani kazi ni kubandika tu. Kubandika ni dakika moja, na matokeo yake ni stika.

Kinachofanya mchoro ukae ukutani ni kivuli, na vivuli ni viwili. Kuna chembamba cheusi pale fremu inapogusa ukuta, na kuna kipana chepesi kinachotawanyika. Dirisha la mama mdogo liko kushoto, basi vivuli vyote vinalalia kulia na chini kidogo. Jaribio langu la kwanza nilikilaza kushoto, na kila niliyemwonyesha alisema "kuna kitu", hakuna aliyejua ni kitu gani.

Halafu weupe. Taa ya sebule ile ni ya njano, mchoro niliupiga chini ya wingu, kwa hiyo korongo wake alikuwa mweupe wa kibuluu ndani ya chumba cha njano, anang'aa kama ana umeme wake. Dawa: nimetafuta kitu ninachojua ni cheupe kwenye chumba, nikapata kifuniko cha soketi, nikachukua rangi yake kama ilivyo kwenye picha, nikaitandaza juu ya mchoro kwenye leya inayochanganyika kwa kutia giza. Korongo akaingia ndani ya nyumba. Nikaongeza na giza kidogo upande wa kulia, maana ukuta wenyewe unafifia ukienda mbali na dirisha.

Unene wa fremu niliutia, nikautoa. Fundi wetu Unga Limited anatumia mbao ya inchi moja, kwa hiyo mchoro unachomoza ukutani kama sentimita 2.5, na violezo vya kupakua vinapenda sana kuonyesha ubavu huo. Lakini ukisimama mbele ya mchoro, katikati, ubavu huuoni. Nimeuweka kwenye chumba cha tatu tu, kile cha upande.

Kitu kingine nilichokitoa ni nyuzi. Kuna leya za bure za kutia umbile la kitambaa, watu wanazimwaga juu ya kila kitu ili picha ionekane ni ya kanvasi kweli. Nimechukua rula nikahesabu nyuzi za kitambaa cha Mjomba: 14 kwenye sentimita moja. Picha yangu ina pikseli 8 kwa sentimita. Nyuzi 14 haziwezi kuonekana kwenye pikseli 8. Ukiziona, basi ni kamba, siyo nyuzi.

Ijumaa, Machi 21

Faili la chumba cha pili lilikuwa zito, kivinjari kikagoma, kikajifunga. Sikuwa nimehifadhi tangu mchana. Nikaanza upya, umeme ukakatika. Nikalala.

Jumamosi, Machi 29

Picha 31 ziko tayari. Nimeziweka kwenye tableti ya zamani ya kaka, ipo kibandani juu ya kasha la rangi. Mteja akipenda mchoro, chalii anamfungulia ukiwa sebuleni kwa mama mdogo. Leo mama mmoja wa Kitanzania, anafungua ofisi yake, alisimama kwenye picha ya matofali akasema, "Huu ndio ukuta wangu." Akachukua wa 90 kwa 60. Mjomba hakusema kitu ila alininunulia chipsi kuku, na kwa anayemjua Mjomba hiyo ni hotuba.

Kubwa zaidi: mwenye loji moja nje ya mji ameona picha kwenye simu, ameagiza kundi la punda milia la 120 kwa 80 kwa ajili ya mapokezi. Ametanguliza nusu ya hela. Picha nilimtumia WhatsApp kama hati, siyo kama picha, kwa sababu ikipita kama picha inabanwa na kingo zinachafuka.

Jumamosi, Aprili 12

Siku mbaya.

Mchoro umepelekwa jana, umetundikwa, leo asubuhi simu imepigwa. Mwenye loji hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Dada, picha uliyonitumia na kitu nilicholetewa ni vitu viwili." Nikamwambia kipimo kiliandikwa chini ya picha, sentimita 120 kwa 80. Akasema, "Nimekipima. Ni 120 kwa 80 kweli. Lakini kwenye picha yako ulijaza ukuta, na hapa umekaa kama stempu kwenye bahasha." Akanitumia picha. Sofa yake ni ndefu kama ya mama mdogo. Mchoro ulikuwa umepotea juu yake.

Nikamwambia nitaangalia. Mjomba alikuwa anasikiliza huku anasafisha brashi kwa mafuta ya taa. Nilimsubiri aseme lile neno lake la Machi 4. Hakulisema. Alisema, "Kaangalie ulipopimia."

Jumapili, Aprili 13

Nimeangalia nilipopimia.

Nilipima sofa. Sofa haiko ukutani. Ukingo wa mbele wa ile sofa, ule niliohesabu pikseli zake, uko sentimita 90 mbele ya ukuta. Simu ilikuwa mita 3.6 kutoka ukutani, kwa hiyo mita 2.7 tu kutoka kwenye sofa. Kitu kilicho karibu na kamera kinaonekana kikubwa, mtoto anajua. Gawanya 2.7 kwa 3.6 unapata 0.75. Pikseli 8 kwa sentimita zilikuwa sahihi pale kwenye sofa. Kule ukutani, mchoro unakokaa, kila sentimita ni pikseli 6.

Na mimi nilichora pikseli 960. Ukizigawa kwa 6 ni sentimita 160.

Kwa hiyo kila picha ya Njiro niliyotengeneza imekuza mchoro kwa theluthi nzima. Wa sentimita 120 umeonekana wa 160. Wa 60 umeonekana wa 80. Kijenge nako nilipimia meza, na meza nayo iko mbele ya ukuta, ila kidogo. Kile kipimo nilichoandika chini ya picha kilikuwa cha kweli, na hakikumsaidia mtu, kwa kuwa hakuna anayetazama picha halafu akaamini namba.

Nimezima tableti. Yule mama wa ofisi nimempigia simu mwenyewe kabla hajapiga yeye. Amesema umemtosha, ukuta wake ni mdogo. Nimepumua.

Jumatano, Aprili 16

Tumekwenda na Mjomba hadi loji, kifodi (daladala) halafu bodaboda. Shikamoo, marahaba, chai, kisha mazungumzo. Makubaliano: Mjomba atachora mwingine wa 160 kwa 107, uwiano uleule, mwenye loji ataongeza hela ya kitambaa na rangi, fremu ni juu yangu. Wa 120 tunarudi nao. Mjomba hakulipwa kazi ya pili kama inavyostahili, na hilo deni ninalo mimi, siyo mteja.

Njiani kurudi nilimwomba msamaha. Akasema, "Hata mimi nilipoanza nilikuwa nachora chui mkubwa kuliko mti." Kisha akaongeza kwamba chui wale walinunuliwa, akacheka peke yake mpaka Sanawari.

Jumamosi, Aprili 19

Vyumba upya. Safari hii sipimi kitu chochote kilichosimama mbele ya ukuta. Napima ukuta.

Njia yenyewe: nimechukua tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, nikabandika ukutani mstatili wa sentimita 120 kwa 80, katikati yake ikiwa sentimita 147 kutoka sakafuni, kimo ambacho majumba mengi ya makumbusho hutundikia kazi zao. Juu ya sofa hakikisha panabaki pengo, nimeacha kama 20. Simu juu ya kigoda. Picha ya kwanza tepu ikiwepo, unabandua bila kugusa simu, unapiga ya pili. Kwenye programu unaziweka moja juu ya nyingine, na pembe nne za tepu zinakwambia kila kitu, kipimo na mwinamo pamoja. Chumba cha tatu cha upande, kilichonitoa jasho mwezi uliopita kwa kukisia, kimekamilika kwa dakika kumi: vuta pembe nne za mchoro hadi kwenye pembe nne za tepu, basi. Vipimo vingine vinatolewa humohumo ndani ya mstatili.

Tepu ya Njiro ilibanduka na rangi ya ukuta. Mistari miwili, mirefu. Mama mdogo alikuwa jikoni anaandaa vya Pasaka. Nilisogeza sofa kwanza nikaona haizibi, ndipo nikamwita. Sitaandika alichosema. Jumatatu natafuta rangi ya maziwa ya chai.

Jumamosi, Mei 3

Violezo 12 vimekamilika upya, picha 58 kati ya 72. Kazi ya kubadilisha mchoro sasa ni ya kufungua ile leya, kubandika, kuhifadhi, kurudi. Dakika nne kwa picha, tano kwa yenye usuli mweusi.

Limetokea jambo ambalo sikulipanga. Mjomba ameanza kuniomba mokapu za michoro ambayo haijaisha. Ule mpya wa punda milia alinipa ukiwa umechorwa nusu, penseli na rangi ya kwanza tu. Kwake kitambaa cha 160 kwa 107 kinakatwa kikubwa zaidi, kuna sentimita 5 kila upande za kukunjia nyuma ya fremu. Nilipochora mstari wa mkunjo tukaona punda wa kushoto mkia wake wote unakwenda ubavuni mwa mbao. Mjomba alitazama skrini muda mrefu, akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akaufuta mkia, akamgeuza punda. Sasa anaangalia ndani. Miaka yote hiyo, anasema, alikuwa anasikia tu fundi anapiga stepla, hajui nini kinakwenda nyuma.

Na kuhusu loji. Kabla Mjomba hajaanza kuchora nilimwomba mwenye loji abandike magazeti ukutani kwa kipimo cha 160 kwa 107, akae nayo siku mbili. Alibandika, akanipigia: ipungue kidogo juu, kuna taa. Tukashusha sentimita 12 badala ya kupunguza. Mjomba aliposikia habari ya magazeti aliweka brashi chini. "Kumbe kazi yote hii ya kompyuta ingefanywa na gazeti?" Nikamwambia mtalii wa Ujerumani hawezi kubandika gazeti kwenye ukuta wake akiwa amesimama hapa kibandani. Akafikiri. "Sawa. Lakini wa Njiro anaweza." Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo mteja yeyote wa hapa mjini anayeagiza mkubwa tunampa vipimo na kumwambia akatafute magazeti.

Jumamosi, Mei 10

Wa 160 umetundikwa jana. Ulisafirishwa juu ya Noah, umefungwa kwa blanketi, mvua ikatuheshimu. Fremu ya ukubwa huo fundi ameitia msalaba wa mbao nyuma isije ikapinda, na bei imepanda kwa msalaba huo, nayo nimelipa. Mwenye loji amenitumia picha akiwa amesimama kando yake. Nimeilinganisha na mokapu: mchoro uko pale ulipotakiwa kuwa, kivuli changu tu ndicho kizito kuliko cha kweli. Nitakipunguza kwenye violezo vyote.

Wa 120 ulikaa kibandani wiki tatu na siku kadhaa, umekwenda leo na mtalii aliyeuona kwenye tableti, sebuleni Njiro, kwa ukubwa wake halisi. Aliuliza kama vile vitambaa vya kufuma navyo vinauzwa. Nimemwambia mama mdogo. Ameniuliza bei.

Zimebaki picha 14, karibu zote za usuli mweusi. Jirani amelidai shuka lake.